Vifungo Vyeupe Kumi na Viwili

Adelaide
Jumatatu, 16 Juni 1986

Mpendwa mdogo wangu Merle,

Habari za nyumbani, na habari za baridi ya Kaltara? Mimi sijambo kwa kiasi. Natumaini mguu wako umepoa na kwamba yule paka hajazaa tena kwenye kapu la nguo. Ukimpelekea Eric chakula, mwambie mume wangu kadi yake nimeipata. Ilikuwa na maneno manne, mawili yanahusu mvua. Binti yangu Janine naye alinipigia Jumapili. Miguu imemvimba, mtoto anacheza sana, wanamtarajia mapema Septemba. Huyu atakuwa mjukuu wangu wa kwanza na mimi niko huku nimevaa slipa mchana kutwa.

Nilikuahidi ukweli, basi huu hapa. Wiki ya kwanza sikupata hata lepe la usingizi. Mlango ukibamizwa naruka. Taa ya ukumbini inanichoma macho. Nimekaa zangu nakunywa chai, hofu inanipanda kutoka tumboni bila sababu yoyote, kikombe kinaanza kugonga sahani, na wenzangu mezani wanajifanya hawasikii kwa sababu vya kwao navyo vinagonga. Dawa hawazikati mara moja. Sista Bronwyn, mwanamke wa Wales mwenye mikono ya kukata manyoya ya kondoo, analeta kikombe kidogo cha plastiki, na kila baada ya siku chache kilichomo ni pungufu kidogo. Wataendelea hivyo hadi mwisho wa Agosti. Mimi nilikuwa nimezoea vidonge vingi, ndiyo maana.

Kila asubuhi tunakaa kwa duara tunaulizwa kilichotuleta. Siku ya kwanza nikasema mgongo, kama tulivyowaambia watu wa huko. Hakuna aliyecheka, nikaona aibu. Siku ya pili nikasema: mimi ni dereva wa basi la shule, nilisinzia asubuhi saa mbili na watoto kumi na tisa nyuma yangu, nikavunja uzio wa akina Zwar na kusimama katikati ya shamba lao, kisha nikaapa kwamba kangaruu alikatiza barabara. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu ambaye si wewe wala Eric.

Nashukuru basi liko mikononi mwako. Uliniapia kwamba vidonge vyako ulivitia kwenye jiko la kuni siku ile ile, na hilo ndilo linalonituliza ninapokaa macho nikiwaza wale watoto. Usinipigie simu. Kuzungumza kupitia kwa Coralie wa posta, anayeunganisha simu zote, ni sawa na kusimama kanisani na kutangaza. Tuandikiane tu.

Nina ombi moja. Hapa tuna saa ya kazi za mikono na nimeanza sweta la mtoto. Nitumie vifungo vyeupe, vidogo, kama kumi na viwili, na bonge moja la uzi wa manjano. Usimwambie Eric, hajui kufunga mdomo na sitaki Janine ajue. Fanya haraka tafadhali, nimekwama kabisa bila hivyo.

Dada yako, macho makavu,
Valmai

*

Kaltara
Jumatano, 25 Juni 1986

Dada Valmai,

Barua yako ilikaa Port Lincoln siku mbili kwa sababu barabara ilifurika, ndiyo maana nachelewa kujibu. Sisi wote wazima. Tumepata mvua milimita kumi na nne na shayiri imesimama, Eric amefurahi hadi akasema sentensi nzima. Sufuria yako ya bluu ameiunguza lakini mimi sijakwambia. Jumapili tulikuwa na chai ya Chama cha Akina Mama wa Kanisa, wote wanakuulizia mgongo. Nimewaambia umelazwa kwenye ubao na huruhusiwi kugeuka. Mama Zwar amekuoka keki ya makombo ya sukari, nimeila kwa niaba yako.

Basi linanitii kuliko lilivyokutii wewe. Jumanne nilichelewa kidogo kwa sababu saa haikulia, na kioo cha pembeni kimekwaruzwa na lango la shule. Nadhani wamelisogeza lile lango. Watoto hawana neno. Yule mdogo wa akina Zwar anasema mimi naendesha polepole kama bibi kizee, nikamwambia wewe subiri nikupeleke kwa miguu.

Ombi lako nimelielewa. Nilianza kucheka, kisha nikakaa chini nikalia, maana nilijua hayo ya mwisho ndiyo barua yenyewe na yaliyotangulia yalikuwa ya kumridhisha sista, ikiwa anasoma mnayoandika. Kwa nini wanakutesa hivyo mtu mzima? Bonge la manjano ni hili. Fumua hadi katikati kabisa utavikuta, kumi na viwili, kama ulivyosema. Usivimalize kwa mpigo. Na karatasi hii ichane.

Mdogo wako anayekukumbuka kila akikunja kona,
Merle

*

Adelaide
Ijumaa, 4 Julai 1986

Mdogo wangu Merle,

Salamu kwako, na pole kwa barabara. Nimefurahi kusikia habari za mvua. Sufuria mwambie asisugue kwa mchanga. Janine anaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Merle, mimi niliomba vifungo. Vifungo vyenye matundu manne, vya kupitisha uzi, vya kushonea kwenye sweta la mtoto mchanga. Nimekaa mwezi mzima na watu wanaoviita dawa, au vidonge, au majina marefu ya chupani, nikasahau kabisa neno letu wenyewe. Nilisahau kwamba miaka yote tukishona mapazia ya ukumbi, vilikuwa vinazunguka kwenye kopo la vifungo kutoka mkono hadi mkono. "Una kifungo?" "Ninacho kimoja, nitakuazima hadi daktari aje." Mchungaji alidhani anao akina mama wapenda kushona kuliko wote katika jimbo. Hapa hakuna ambaye angekosea. Ni wewe tu ungekosea, au mimi.

Nilifumua uzi nikiwa nimekaa na wenzangu. Vikadondoka mapajani. Nilijua kabla sijatazama, mate yakanijaa mdomoni. Nikafunika na sweta, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikavitia ndani ya slipa. Nilitembea navyo siku mbili, navisikia chini ya kidole kila hatua. Siku ya tatu nikampa Sista Bronwyn vyote kumi na kimoja. Nikamwambia nimevikuta kwenye mfuko wa koti langu la zamani. Hakuniamini, lakini alinishika bega, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Sasa nakuuliza, nawe usinijibu kwa utani. Kama ulivichoma, hivi vimetoka wapi? Mtu anayeweza kunigawia kumi na viwili amebaki na vingapi? Lango la shule halijasogezwa, Merle. Liko pale tangu mimi na wewe tukiingia na mikebe yetu ya chakula. Ulinitazama usoni siku ile jikoni kwako, jivu la jiko likiwa bado la moto, ukaniapia.

Kila asubuhi saa mbili kasoro naitazama saa ya ukutani nikijua unawasha injini. Siwezi kula hadi saa tatu ipite. Alasiri naanza tena. Mimi najua ile hali ilivyo. Huoni kwamba unasinzia. Unaona barabara, kisha unaona shayiri.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mkabidhi Bwana Pfitzner funguo. Mwalimu mkuu hana maneno mengi, mwambie ni mguu, atapata dereva mwingine. La pili, vimwage vyote chooni leo hii, usibakize hata kimoja. Wewe hukufika nilikofika mimi. Unakula kimoja tu cha kulalia, utahangaika siku mbili tatu, basi. Usinifanye nifike mahali pa kumwambia mtu.

Nakupenda na nimekukasirikia,
Valmai

*

Kaltara
Jumapili, 27 Julai 1986

Dada yangu,

Najua nimekaa kimya wiki tatu. Nilianza barua nne, zote nimewashia jiko. Habari za huku ni njema. Kondoo wamezaa, Eric amepoteza wana-kondoo wawili tu kwa baridi. Paka amezaa kwenye kapu la nguo. Coralie wa posta ananiuliza kwa nini dada mgonjwa wa mgongo anaandika barua nene hivyo, nikamwambia unaandika umelala chali.

Ulitaka nisijibu kwa utani, haya. Siku ile jikoni nilichoma chupa. Vilivyokuwemo nilishavimimina kwenye mfuko wa aproni. Na si kimoja cha kulalia. Ni sita kwa siku, siku mbaya vinafika vinane. Kimoja kabla ya basi la asubuhi, ili mikono itulie, na kimoja kabla ya la mchana. Sijawahi kusinzia. Ile ya kioo ilikuwa jua machoni, amini usiamini.

Funguo sitoi. Watu wa Kaltara si wajinga. Dada ana mgongo, mdogo ana mguu, wote wawili madereva, mwezi wa pili sasa; watauliza, na wakiuliza watamkumbuka yule kangaruu. Nafanya hivi kwa ajili yako pia, uelewe. Ukirudi, kiti chako kitakuwa kinakusubiri.

Lakini la pili nimelifanya. Leo asubuhi kabla ya kanisa nilimwaga vyote chooni. Vyote, pamoja na vile vya kwenye glavu na vya ndani ya saa ya ukutani. Nilivuta maji mara tatu. Kwa hiyo lala usingizi wako, dada, au chochote mnachokifanya huko badala ya kulala. Mimi sihitaji miezi mitatu wala Mwelsh wa kunishika bega. Kanisani mikono ilitetemeka kwenye kitabu cha nyimbo hadi Mama Zwar akanishikia, lakini itapita. Ulisema siku mbili tatu.

Mdogo wako, safi kama bilauri,
Merle

*

Adelaide
Alhamisi, 31 Julai 1986, saa kumi na moja jioni

Merle,

Samahani, leo sina salamu. Ukiipata barua hii utakuwa umeshajua nilichokifanya, lakini nataka usikie kwangu jinsi kilivyokuwa.

Barua yako imefika leo saa tano na nusu asubuhi. Nilipofika pale kwenye "sita kwa siku" niliinuka na kwenda kumtafuta Sista Bronwyn. Nilimkuta anatandika kitanda changu, nikamsomea.

Akaniuliza, "Anakula sita kwa muda gani?"

"Miaka saba hivi."

"Na amekata lini?"

"Jumapili kabla ya kanisa. Mimi ndiye niliyemwambia avimwage."

Akaketi kitandani kwangu, jambo wanalokatazwa. "Valmai, ulifikiri wewe tunakupunguzia kidogo kidogo kwa sababu gani? Ili ukae hapa tukufaidi sura? Mtu akikata ghafla baada ya miaka hiyo anaweza kuanguka kifafa. Leo, kesho, wiki hii yote. Wengine hawainuki. Yuko wapi saa hizi?"

Nikamwambia yuko nyumbani anakula chakula cha mchana, na saa tisa na dakika ishirini ataondoka shuleni na watoto kumi na tisa.

Alifungua mlango wa ofisi, akanisogezea simu. Namba alizungusha yeye. Akapokea Coralie.

"Valmai! Mgongo unaendeleaje, mpenzi?"

"Mgongo hauna kitu, Coralie. Niunganishe shuleni."

"Sasa hivi wanakula, na unamjua Bwana Pfitzner akisumbuliwa na sandwichi mkononi..."

"Niunganishe. Na ukitaka kusikiliza, sikiliza, utanipunguzia kazi ya kusimulia."

Bwana Pfitzner alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kusahihisha hesabu, "Bi Noske, unaelewa kwamba haya ni maneno mazito juu ya dada yako? Una uhakika gani?"

Nikamwambia, "Nina uhakika kwa sababu mimi ndiye niliyewaingiza watoto wenu kwenye shayiri. Hakukuwa na kangaruu. Nilikuwa nimelala."

Nilimsikia Coralie akivuta pumzi kwenye waya. Kisha Bwana Pfitzner akasema ataendesha basi mwenyewe leo, na kwamba tutazungumza siku nyingine kuhusu mimi. Hiyo siku nyingine naisubiri. Kwenye lile basi sitarudi kamwe.

Sista Bronwyn naye amempigia muuguzi wa wilaya. Atakuletea dawa kidogo. Imeze, Merle, nakusihi. Najua ni mimi niliyekwambia uvimwage na sasa ni mimi ninayekwambia umeze. Nilikuwa nimekosea na ningekuua. Nimemwambia Eric pia asikae mbali nawe, ukubali ukatae.

Siwezi kujua saa hizi uko katika hali gani. Barua hii itafika Jumanne.

Valmai

*

Kaltara
Alhamisi, 31 Julai 1986

Valmai,

Hujambo. Ninatumaini umekula vizuri leo, maana umelisha mji mzima.

Nilifika shuleni saa tisa kama kawaida. Pfitzner alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi. Watoto wamepanga mstari na mikoba yao. Akanyoosha mkono mbele yao wote, akasema, "Funguo, Merle," kama ananinyang'anya manati. Hakuniita hata Bi Heintze. Yule mdogo wa akina Zwar akauliza nimefanya kosa gani. Nikaenda nyumbani kwa miguu, na mguu huu unaoujua, na nilipopita posta Coralie alikuwa amesimama mlangoni. Alinihurumia, Valmai. Coralie. Alinishika mkono akasema na shangazi yake alikuwa hivyo hivyo.

Muuguzi wa wilaya alikuja na kidonge kwenye bahasha. Nimemfungia mlango. Mlitaka niviache, nimeviacha, siku ya tano leo, na sasa mnaniletea nyumbani. Jasho linanitoka, ukuta unapumua, panya wanatembea chini ya ngozi yangu, na sijameza hata kimoja. Wewe unapewa kwenye kikombe na kupigiwa makofi.

Kwa kuwa siku hizi unapenda ukweli, nami nina wangu. Nilituma kumi na viwili. Nilivihesabu mezani mara mbili kwa sababu vilikuwa vinaniuma kuvitoa. Wewe uliandika ulimpa sista wako vyote kumi na kimoja. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mdogo wako na ndivyo tulivyolelewa. Wewe hukuweza kunyamaza.

Na jambo jingine. Kabla hujanisema kwa Pfitzner, ungemwambia nani alinipa cha kwanza. Siku ya maziko ya mume wangu Ross, kwenye jiko la ukumbi wa kanisa, nimeshika sahani ya sandwichi. Sikuwa nimewahi kuviona. Lipeleke hilo kwenye duara lako.

Eric ameegesha pikapu nje ya lango langu na hataki kuondoka. Anakula chungwa. Mwondoe.

Usiniandikie tena.

Merle

*

Port Lincoln
Jumanne, 5 Agosti 1986

Mpendwa Dada Valmai,

Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Mikono yangu bado haishiki kalamu na ulimi nimeung'ata, kwa hiyo natamka polepole na binti wa wodi, Leanne, anaandika. Nimemkataza kurekebisha chochote. Natumaini unaendelea vizuri na kwamba Janine hajambo.

Mimi niko hospitali. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nakausha sahani. Nakumbuka sahani, kisha nakumbuka dari la gari la wagonjwa. Eric alisikia vyombo vikivunjika akavunja mlango. Anasema nilikuwa chini natetemeka mwili mzima, uso wa bluu, akanigeuza ubavu kama anavyogeuza kondoo, akanishika hadi ikaisha. Ikaja tena njiani. Hapa wamenirudishia dawa na wataipunguza kidogo kidogo. Daktari aliniuliza ni nani aliyenishauri kukata ghafla. Nikasema ni wazo langu.

Eric alitazama saa aliposikia sahani, kwa tabia yake tu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na dakika kumi basi limeshapita kwa akina Zwar na linateremka kwenye daraja la korongo. Wote kumi na tisa wanakuwa wameshaingia.

Nimemwomba Leanne asubiri kidogo kabla ya kuendelea kuandika. Sasa tunaendelea.

Kuna barua nyingine niliiposti Alhamisi. Eric mwenyewe ndiye aliyenipelekea posta, maskini, bila kujua alichobeba. Kama haijafika, ikifika usiifungue, itie motoni. Na kama imefika, nakuomba, niambie haikufika.

Wanasema wakishanituliza nitapelekwa Adelaide, mahali kama hapo ulipo. Nimewaambia nitafikiri. Naogopa, dada. Sijawahi kukwambia neno hilo nikiwa sijacheka mwishoni.

Wako,
Merle

*

Adelaide
Jumamosi, 9 Agosti 1986

Mpendwa mdogo wangu,

Namshukuru Mungu, na namshukuru Eric, ingawa yeye akishukuriwa huwa anatoka nje kutazama matairi. Alinipigia Ijumaa ile saa sita mchana. Alisema, "Anapumua," akakata simu. Nilibaki na neno hilo moja hadi barua yako ya hospitali ilipofika. Ulimi utapona, mama wa hapa chumba cha pili aliung'ata wake na sasa hanyamazi. Janine hajambo. Mtoto amegeuka vizuri.

Barua yako ya Alhamisi ilifika Jumatatu na nimeisoma yote. Ningeweza kukuandikia kwamba haikufika. Ungeniamini kwa sababu ungetaka kuniamini, na tungeendelea kama tulivyoendelea miaka saba, mimi nikikufichia na wewe ukinifichia, kila mmoja akidhani anampenda mwenzake. Sitaki tena. Imefika.

Cha kumi na mbili nilikimeza. Nilikimeza chooni siku ile ile, kabla ya kuvitia vingine kwenye slipa, bila maji. Nilipokuandikia "vyote" nilikuwa nakudanganya wewe, na sista, na mimi mwenyewe. Jumatano nilimwambia Sista Bronwyn. Daktari ameniongezea wiki tatu, kwa hiyo Janine akijifungua nitakuwa bado niko hapa, na amelia kwenye simu, na nimemwacha alie. Na yule daktari wako hapo nimemwandikia kwamba ushauri ule haukuwa wazo lako.

Uliniambia lile jambo la jikoni, siku ya Ross, nilipeleke kwenye duara. Nimelipeleka juzi Alhamisi. Nilianza kulisimulia kama ninavyolisimulia siku zote, kwamba ulikuwa umevunjika moyo na mimi dada yako nikakuonea huruma. Nikasimama hapo hapo, kwa sababu haikuwa hivyo.

Ulikuwa unalia kwa sauti, Merle. Ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza unakusikiliza, mchungaji anatazama kikombe chake, Mama Zwar anatazama dirisha. Sisi hatukulelewa kulia hivyo. Nilikuona umeshika zile sandwichi, mdomo wazi, na niliona aibu. Si huruma. Aibu. Hukuniomba chochote. Nilikuwekea kile kidonge kwenye kiganja, nikakufunga vidole, nikakwambia meza, ili unyamaze tupite na chai. Ukanyamaza. Nami nikaona ni jambo jema, nikakupa kingine kesho yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani, na nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi.

Kitanda kilicho kando ya changu kitakuwa wazi tarehe ishirini. Nimemwomba Sista Bronwyn akuwekee. Chakula kibaya, chai dhaifu, duara linaanza saa tatu. Njoo, mdogo wangu. Ross hujamlilia bado. Utamlilia hapa kadiri unavyotaka, nami nitakaa karibu yako nikusikilize.

Valmai